Wagonjwa Kumi na Wanne

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, shemeji na watoto. Mimi afya ninayo. Kilichoniisha ni subira.

Nimewekwa kwenye jopo la madaktari wa meno watatu, tupime tafiti kumi na moja kuhusu dai kwamba kila mwenye ugonjwa wa fizi apewe antibiotiki. Tulifichiwa majina ya waandishi, na heri yao! Mmoja aliwafuata wagonjwa wiki sita tu akatangaza wamepona, kana kwamba fizi ni mafua. Mwingine aligawa vidonge mwenyewe, akapima fizi mwenyewe. Ulitegemea aone nini? Tafiti mbili tu ndizo zilizofanywa kwa akili, nazo zinasema kinachoponya ni kukwangua ugaga, ule uchafu mgumu wa meno, hadi chini ya fizi. Vidonge huongeza kiduchu, kwa wachache, na vikitumiwa ovyo vijidudu huvizoea.

Mwenyekiti, tunayemwita Bwana Takwimu ingawa hesabu humpiga chenga, alisema tafiti nyingi hivyo zinazosifu vidonge haziwezi kukosea. Nilimjibu kwamba mizani mbovu, hata upimie mara mia, ni mbovu tu. Akaagiza tuendelee.

Kisha tukafikia utafiti wa tisa. Wagonjwa sitini walianza, arobaini na sita wakahesabiwa. Mwenzetu wa tatu, mama mmoja mpole, aliuliza, "Hawa kumi na wanne walikwenda wapi?" Mwenyekiti akasema labda walihama.

Hawakuhama, Dada. Fizi zao ziliendelea kuoza, nami nikawafuta kwa mkono wangu. Utafiti ule ni wangu. Ndio ulionipa cheo. Na nilishauamini uongo wangu mwenyewe nilipokuandikia vidonge mara nne, nikakuambia kusafisha kutasubiri. Yale magego mawili uliyong'olewa, ukasema ni uzee, si uzee. Ni mimi.

Nilisimama nikawaambia. Bwana Takwimu alinisihi ninyamaze, eti nitachafua jina la chuo. Sikunyamaza. Nimeandika utafiti ule ufutwe, na nimejitoa kwenye jopo. Hakuna niliyemdharau mle kama ninavyojidharau leo.

Nenda kwa daktari mwingine akusafishe meno yaliyobaki. Ukitaka kuninunia, ninunie, sitalalamika. Wabusu watoto. Shemeji mwambie wewe, mimi uso huo sina.

Mdogo wako,
Kitindamimba