Kikombe cha Babu Hosea

Kaka Lucius,

Mama anakusalimu huko Chicago. Mipichi imezaa mpaka matawi yanavunjika.

Wapima ardhi wamerudi. Wanadai mtaa wetu haukuwahi kuwa na wenyewe. Shangazi Odessa akawacheka: "Babu Hosea alifyeka msitu huu alipotoka utumwani. Hati hatuna, makaburi tunayo!" Akawapeleka kwenye kaburi la babu, akawaonyesha juu yake kikombe alichonywea mara ya mwisho, kama tunavyowawekea wafu wetu wote.

Laiti angalinyamaza! Leo asubuhi nimekikuta kikombe hicho mlangoni petu, kimeoshwa. Nikakimbilia makaburini. Kumelimwa kote, hakuna kaburi hata moja lililobaki.

Katika barua iliyopita nilikusihi uje tuchume pichi. Usije, kaka. Tutafutie chumba cha watu watatu.

Dadako,
Velma