Desemba Ilikuwa Mbali Sana

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nguo hazijakauka tangu Jumamosi. Eldoret hii! Mvua, baridi, halafu jua la dakika kumi la kutudanganya.

Leo ni siku ya mapumziko, na nimeamka na hasira. Jana jioni tulikuwa Elgon View kwa Mzee Lusweti, msimamizi wa wamisionari wote wa eneo hili. Ana ubao sebuleni. Kila jozi ya wamisionari, na idadi ya waliobatizwa mwaka huu. Mimi na mwenzangu Linah: sufuri. Aliigonga kwa kalamu. "Sista Tusekile, huko kwenu Tukuyu mnavuna hivi?" Watu wakacheka. Nami nikacheka! Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Miezi saba nakanyaga matope ya nchi ya watu, jina langu limebandikwa kifuani. Wiki iliyopita bibi mmoja sokoni aliniuliza, kwa upole kabisa, wamisionari wenyewe watafika lini. Wazungu, yaani.

Tarehe 25 anakuja mgeni kutoka makao makuu. Mzee anataka kila jozi iwe imebatiza mtu wa kusimama mbele ya mgeni huyo. Sisi tuna mmoja tu anayekaribia. Hulda.

Jumatano, 7 Mei

Cheptiret. Hulda anauza chai na mandazi pale malori yanaposimama. Tangu Januari hajakosa ibada. Anasoma kuliko Linah, na wiki nyingine kuliko mimi. Kila tukionana anauliza: lini?

Tatizo ni kwamba anaishi na Omollo bila ndoa. Njoo-tukae, wanavyoita hapa. Miaka minne, binti mmoja, Sarah. Kanisa letu halibatizi mtu wa hali hiyo. Wafunge ndoa au waachane.

Leo Omollo mwenyewe alikuwepo. Fundi wa mawe, saruji mpaka kwenye nyusi. Nilitegemea kukuta mlevi. Alivua koti akanipangusia benchi.

"Sista, harusi mimi sikatai. Lakini Oketch ndiye mkubwa wangu na hajaoa. Nikimruka, mkosi utaangukia huyu mtoto. Yeye anapeleka ng'ombe za mahari Disemba, mimi nafuata. Mungu yenu haiwezi ngoja Disemba?"

Nilichemka. Si kwamba alinikosea adabu — alisema vizuri, na mimi sikuwa na jibu ila lile la kitabu. Basi nikalisema lile la kitabu, kwa sauti, mbele ya wateja. Uchafu. Dhambi. Nilitumia maneno hayo. Dereva mmoja akaguna: "Madam, hubiri polepole, chai inapoa." Hulda alikuwa anageuza mandazi. Hakuinua kichwa.

Ijumaa, 9 Mei

Linah amenuna siku mbili. Leo kalipuka: "Aki Sista, uliwafokea kama kanjo anafukuza wachuuzi!" Nikamwambia kanuni ni kanuni. "Ni sawa. Lakini si ungeisema ukiwa umekaa chini?"

Nilimpigia Mzee Lusweti. Niliomba! Nataka iandikwe mahali kwamba niliomba. Tungoje Desemba, nilisema, mwanamume ana nia njema.

"Desemba sitakuwa na mgeni." Kisha akakohoa. "Wokovu haungoji, Sista."

Nilisikia alichosema kwanza. Nilijifanya nimesikia cha pili tu.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada Hulda alinifuata kwenye tangi la maji nikinawa.

"Sista. Na nikiondoka kwake?"

"Basi hakuna kizuizi."

Maneno matatu. Sikumuuliza ataenda wapi. Sikumuuliza mtoto atakula nini. Nilifurahi! Jioni nikaandika jina lake kwenye ripoti ya wiki, tarehe 18, nikapiga mstari chini.

Jumatano, 14 Mei

Ameondoka kweli.

Saa nne asubuhi yuko getini kwetu, Sarah mgongoni, begi moja, sufuria moja. Jiko kamwachia jirani. Pale malorini, anasema, kesho kutwa patakuwa na mwanamke mwingine na chai yake. Omollo alikuwa kazini, amemwachia ujumbe. Hulda alinitazama kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani, anangoja mwalimu aseme vema.

Na nyumba ya wamisionari hailali mgeni. Kanuni nyingine!

Linah alimbeba mtoto, tukawapeleka Langas kwa Mama Janice, muumini wetu. Chumba kimoja, watoto watatu, mume yuko safarini. Mama Janice alisema karibuni, kisha akahesabu magodoro kwa macho. Nilimwona.

Jumapili, 18 Mei

Amebatizwa. Maji ya baridi, meno yakagongana, akaibuka anacheka. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile. Hilo siwezi kulikasirikia, na nimejaribu.

Mzee Lusweti alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mmeona imani?" Akapiga picha nane. Kwenye zote natabasamu.

Chumba cha kubadilishia nguo, ninamkausha nywele: "Sista, mume wa Mama Janice anarudi Jumatano. Sasa mtanipeleka wapi?"

Nikasema Mungu atafungua njia.

Mimi nilisema hivyo! Ningeweza kujizaba kofi.

Jumatatu, 19 Mei

Nilimpigia mama, kama kila Jumatatu. Nikamweleza, tumebatiza mtu. Akashangilia. Kisha akauliza, na mumewe je? Nikasema hawakuwa na ndoa, mama, ilibidi amwache.

Nikadhani salio limekwisha.

"Na sisi je?"

Sikuwa nimesahau. Hilo ndilo baya lenyewe. Nilikuwa na miaka sita, gauni la njano, natembea mbele ya mama na baba siku ya harusi yao kanisani nikimwaga maua, na kila mtu ananicheka kwa kuwa yalikwisha katikati ya njia. Baba ndiyo kwanza alikuwa amemaliza mahari. Mchungaji wetu aliwangoja miaka saba. Kila Pasaka alikula kwetu. Hakumwambia mama aondoke.

Mama hakunikemea. Aliniuliza kama nina soksi nzito.

Nguo zimebaki kwenye beseni. Zioze.

Jumanne, 20 Mei

Omollo alikuja. Nilitoka getini nimejiandaa. Nilitaka anipigie kelele! Nilikuwa na hasira ya kutosha watu wawili, nilihitaji wa kugombana naye.

Alinipa mfuko wa plastiki. Sweta la Sarah, na dawa ya kupaka.

"Huyu akipigwa na baridi anakohoa. Mwambie mamake ampake kifuani na mgongoni. Mgongoni huwa anasahau."

Nikapokea. Nikasema asante, Baba Sarah. Aligeuka kwenda, akarudi hatua moja.

"Sista, Disemba ilikuwa mbali sana?"

Hakungoja jibu. Linah alilia jikoni. Mimi nilipiga ngumi ukuta, na sasa naandika kwa vidole vilivyovimba. Ukuta haujafanya kosa lolote.

Alhamisi, 22 Mei

Mume wa Mama Janice karudi jana, Hulda kaja kwetu. Tulimfungulia. Hatukujadili. Analala godoro langu na Sarah, mimi nalala na Linah, ambaye anapiga mateke kama punda. Tulimpaka mtoto dawa, kifuani na mgongoni.

Leo Mzee Lusweti kapiga simu. Ni kweli kuna mtu humo ndani? Linah hajui kusema uongo. Nikachukua simu.

Atoke kufikia kesho, akasema. Jumapili aje kanisani asimame mbele ya mgeni, aeleze alichokiacha kwa ajili ya Bwana.

"Basi mchukue wewe, Mzee. Elgon View una vyumba sita."

"Sista, unajisahau."

"Ndiyo, Mzee."

Mwishowe akasema atakuja mwenyewe kesho saa nne, na mimi nifunge virago, nahamishiwa kituo kingine. Sauti yake ilikuwa tulivu sana. Yangu haikuwa.

Hulda alikuwa anachambua mchele mezani. Amesikia yote.

Ijumaa, 23 Mei

Saa nne kasoro robo. Sijafunga kitu.

Hulda anamwosha Sarah miguu kwenye beseni. Begi lake liko tayari mlangoni, sufuria juu yake. Alimpigia Omollo asubuhi, Linah kaniambia. Hawakuongea sana.

Sasa hivi kauliza, mgongo kanigeuzia:

"Sista. Na nikirudi kwake?"

Najua jibu la kitabu. Najua hata ukurasa, nilipiga mstari mwenyewe kwa wino mwekundu nikiwa chuo. Akirudi anatengwa, jina linafutwa, kama hajawahi kuingia majini. Siku tano tu tangu atoke anacheka!

Naandika ili nisijibu haraka. Mara ya kwanza nilijibu haraka.

Gari nje. Honi.

"Nifungue?" Linah yuko mlangoni, ufunguo mkononi. Nimemwambia angoje. Honi tena, ndefu. Angoje! Mzee ndiye wa kungoja leo.

Hulda kageuka. Mikono inachuruzika maji. Ananitazama vilevile alivyonitazama siku ile kwenye tangi — tayari kufanya lolote nitakalosema.