Swali Alilolijibu Baba

Wodi ya wanawake, 3 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kinyozi mwenzako amekuachia kile kiti cha karibu na feni. Mimi nipo, ingawa homa hainiachi na tumbo la chini linauma mno.

Daktari anasema uvimbe ulio kando ya kizazi unafanana na saratani ya ovari, na kipimo cha damu kimepanda. Upasuaji ni tarehe kumi. Wakikuta ndiyo yenyewe, wataondoa kizazi chote. Nina miaka ishirini na miwili, Baba. Naogopa mpaka chakula hakipiti.

Kuna nesi mcheshi ananiita Bibi Harusi. Jana aliuliza tena kama nimewahi kulala na mwanaume. Nikamwambia jibu ni lile lile ulilompa daktari. Akasema, "Nimekuuliza wewe, sijamuuliza baba yako." Nikageukia ukutani.

Niombee.

Mwanao

6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili, roho ndiyo iko mkononi. Barua yako nimeisoma kazini nikamkata mteja sikio. Si sana.

Ningepiga simu, lakini hili siwezi kulisema huku nasikia unavyopumua. Daktari alipouliza, nilidakia: "Huyu bado msichana, hajui mambo ya wanaume." Hata nafasi ya kumeza mate hukuipata. Nilijiona nakulinda.

Mimi si daktari, lakini swali linaloulizwa mara mbili lina kazi yake. Waambie ukweli, wowote ule. Sitakuuliza kitu. Nakutaka uwe hai na mzima, hayo mengine yote nimeyatupa.

Baba yako

16 Juni

Baba,

Shikamoo, na pole kwa kusubiri. Barua yako ilifika siku moja kabla ya tarehe ya upasuaji. Nilimwita nesi, nikamwambia: ndiyo, nimewahi, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitokwa na uchafu usio wa kawaida, nikanyamaza. Alimleta daktari mbio.

Daktari akanieleza kwamba maambukizi ya kizazi yakiachwa hukusanya usaha. Kwenye picha uvimbe huo unaweza kufanana na saratani, na kile kipimo cha damu hupanda kwa yote mawili. Ndiyo maana wanauliza. Wakaahirisha upasuaji, wakanitundikia dripu za antibiotiki. Homa ikashuka. Kisha wakanyonya uvimbe kwa sindano, ukatoka usaha, wakaupeleka maabara.

Si saratani. Si saratani, Baba!

Mrija mmoja wa uzazi umeharibika, huenda mimba ikachelewa. Lakini kizazi ninacho, ovari zote mbili ninazo. Kijana niliyekuwa naye ameitwa pia atibiwe. Alikuja kichwa chini.

Kinachoniliza sasa ni mtaa. Wote walinihurumia kwa saratani. Wakisikia ni haya, watakusema wewe, tena hapo hapo kazini kwako. Hilo linaniuma kuliko sindano.

Mwanao

19 Juni

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mia. Barua yako ilinikuta nanyoa ndevu za mtu. Nilimwacha na povu nusu uso, nikaenda nyuma ya duka nikalia kama mtoto. Niliporudi nikatangaza kwa sauti kwamba si saratani. Wakapiga makofi, hata yule mwenye povu.

Jumamosi nakuja kukuchukua. Kula, hata kama chakula cha hapo hakina chumvi.

Kuhusu mtaa, wameshaanza. Leo fundi cherehani wa jirani aliingia, benchi limejaa wateja, akauliza, "Sasa kama si saratani, binti alikuwa anaumwa nini?" Wote wakanigeukia mimi.

Nikamwambia, "Ana mdomo wake. Akitaka atakujibu, asipotaka basi."

Baba yako