Nilimwambia Mtu Hajisifu

Mshauri, shikamoo. Naandika nikiwa na hasira, unisamehe mwandiko. Ofisi yetu ya vipuri hapa Temeke imepata mwenye mali mpya, mashine za kupiga chapa zinaondolewa, zinaletwa kompyuta nne, basi akaja mtaalamu na karatasi ya maswali mia moja ishirini ya kupima tabia, eti ndiyo itakayochagua nani afundishwe na nani apunguzwe, na maswali yenyewe ni kama, je, wewe ni hodari kuliko wenzako, je, wengine hukufuata, na pembeni yangu alikaa Bi Chausiku, aliyepiga chapa miaka kumi na tisa bila kutazama vidole, ndiye aliyenifundisha kazi, akaninong'oneza, "Mwanangu, haya yanajibiwaje?" nikamwambia, "Kwa adabu, Bi. Mtu hajisifu." Akajibu hapana, hapana, hapana. Mie nikajibu ndiyo kila mahali, maana chuoni tulifundishwa wanachotaka.

Majibu yametoka. Mimi ni "kiongozi wa kesho". Yeye "hajiamini, hafundishiki", na mwisho wa mwezi anapewa barua ya kupunguzwa. Karatasi gani hiyo isiyojua kwamba mama huyu ndiye anayesahihisha barua za meneja! Jana kaniletea sahani ya vitumbua kunipongeza: "Nilisema mie, huyu ana kichwa." Sijala hata kimoja. Je, nimwandikie meneja barua isiyo na jina?

Karani, Mtoni

Marahaba. Barua isiyo na jina? Huo ndio uongozi wa kesho?

Mtaalamu wenu kachemsha, tukubaliane. Aliyelelewa vizuri hajipigii debe mbele ya watu, na yeye kaandika hiyo ni kasoro. Lakini yeye hakujua. Wewe ulijua. Ulihesabu kompyuta nne, ukahesabu vichwa, ukampa mama wa watu adabu, jibu ukabaki nalo. Hasira yote hiyo unamrushia mgeni ili isikurudie.

Kazi siku hizi ni ngumu kupata, hofu yako naielewa. Hainifanyi nikusifu.

Mwambie Bi Chausiku kwanza, kwa mdomo wako. Akikutukana, nyamaza. Kisha ingia kwa meneja kwa jina lako, useme majibu ya Bi Chausiku yalitoka kwako. Usimwombee huruma. Omba afundishwe kompyuta wiki moja, halafu mpewe barua ile ile kuipiga, wewe na yeye, tuone nani hafundishiki. Akikushinda, inuka umpishe kiti.

Bila shaka sahani yake bado unayo. Nenda nayo leo. Una sababu ya kubisha hodi.