Kuku wa Wageni

Kebirigo, Jumanne

Mama bado hakubali kwamba alikosea. Shule ya bweni imebakisha nafasi moja ya bure, ya mtoto mwenye shida zaidi, na leo walimu wawili walikuja kuona hali ya Moraa, yatima wa dada yangu. Mama akawachinjia kuku aliyemkopa kwa jirani.

Mmoja alipangusa mdomo akacheka. "Nyanya, hapa hakuna shida. Mnakula kutushinda."

Niliwafuata hadi barabarani nikawaeleza habari ya kuku. Waliitikia tu, wakaenda zao.

Mama nilipomuuliza, alisema, "Mgeni aondoke kwangu na njaa, ndipo aamini mimi ni maskini?"

Moraa ameosha sahani zao. Ameniuliza kama walimu walishiba.

Nimemwambia walishiba sana.