Mwili Wangu Umeleta Malalamiko

Jumatatu, 3 Machi

Leo tumeletewa mito. Nilidhani ni ya viti, maana viti vya idara yetu vimechanika mpaka sponji inachungulia. Kumbe ni ya kukalia sakafuni, tufumbe macho! Meneja ametangaza kuwa malalamiko ya wateja yamezidi, kwa hiyo sisi tunaoyapokea tutafundishwa utulivu. Mabomba yenyewe yasiyotoa maji hayakutajwa.

Mkufunzi ni kijana mwembamba, shemeji yake meneja. Anaongea polepole mno, ukimsubiri amalize sentensi unaweza kuwa umeshamenya kitunguu. Kabla ya chai alikuwa ameshapata jina: Bwana Pumzi. Akawasha spika, yakaanza kutiririka maji ya kurekodiwa, eti yatulize roho. Kampuni ya maji, choo chake kinatumia ndoo, na maji pekee yaliyotoka leo yametoka kwenye spika. Jirani yangu wa meza alininong'oneza kuwa mteja akiyasikia hayo kwenye simu tutafuatwa na mawe.

Mimi nikawekwa mbele niwe mfano. Barafu, wanavyoniita. Nimeshatukanwa kwenye simu hiyo na wazee wenye heshima zao, sijawahi kupandisha sauti. Basi nikakaa, nikafumba, nikatabasamu kidogo ili wadogo waige.

Sijui ilikuwa pumzi ya ngapi. Vidole vikafa ganzi. Ganzi ikapanda viwiko. Moyo ukaanza kunienda mbio, na chini yangu — hakuna sakafu! Kama mtu anayeshuka ngazi gizani akakosa ya mwisho. Nikafumbua macho. Wenzangu wote wamefumba, wametulia tuli, mmoja anakoroma.

Nikatabasamu tena. Bwana Pumzi akasema, oneni uso wa mwenzenu.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu nyumbani, kitandani. Ganzi, koo kubana, kichwa nahisi kinavimba mpaka kugusa dari. Nikajishika. Kichwa ni kilekile.

Halafu kelele za mwanaume huyu! Mume wangu ni mwalimu wa michezo, imani yake ni kwamba hakuna ugonjwa duniani, kuna watu wasiotoka jasho. Sijakaa vizuri, kaangusha mfuniko wa sufuria. Kaokota, kauangusha tena, kapandisha na redio. Kaja mlangoni: nimelala? Nikamwambia natafakari. Akaniambia nitafakari huku nimefumbua macho, kwani kuna sheria?

Sijamjibu. Ukimjibu anakwambia ukimbie kuzunguka nyumba.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemvizia Bwana Pumzi koridoni. Nikamwambia nina rafiki yangu, akikaa kutafakari mwili unamtisha. Kasema hisia ni wageni tu, mwambie rafiki yako asiwakaribishe wala asiwafukuze. Nawajua wageni wa namna hiyo. Ni mawifi zangu, na huwa hawaondoki.

Nikauliza, na ikiwa rafiki yangu anahisi anakufa? Akafumba macho akafikiri kwa muda mrefu. Akasema kufa ni wazo.

Haya.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata dawa! Sijapewa na mtu, nimeitoa mezani kwangu mwenyewe.

Hisia si wageni. Ni wateja. Na wateja nimewamudu tangu ujana. Sheria za idara ziko ukutani: msikilize, rudia maneno yake, mshukuru, mpe namba ya lalamiko lake. Usimwambie hapana. Usimwambie lini.

Nikakaa kwenye mto wakati wa chakula cha mchana. Ganzi ikaja. Nikaiambia kimoyomoyo: nimekuelewa, unasema mkono wa kushoto hauhisi kitu, asante kwa kuwasiliana nasi, namba yako ni hii. Ikanyamaza! Ukaja moyo, unapiga kelele kama wale wanaopiga Jumatatu asubuhi. Nikauhudumia. Kukosa sakafu nako nikakupa namba. Nikakaa mpaka kengele ya Bwana Pumzi ilipolia.

Nimetembea kurudi mezani kama bibi harusi.

Jumatatu, 10 Machi

Nilifanya kosa, nikamsimulia Bwana Pumzi. (Rafiki yangu amepona, nilisema.) Asubuhi hii amesimama mbele ya watu akaiita Njia ya Kupokea. Eti ilimjia mlimani. Kijana ambaye akipanda ghorofa ya pili anatafuta kiti!

Meneja naye kapata wazo. Ijumaa wakubwa wa makao makuu wanakuja, na Barafu ndiye atakayewaongoza kutafakari. Akaongeza, kama vile ni jambo dogo, kwamba nafasi ya msimamizi wa zamu bado haijapata mtu. Nikakubali kabla hajafunga mdomo.

Jirani yangu wa meza hakunipongeza. Ananijua. Kaniuliza, hayo malalamiko unayoyapa namba huwa unayafungua? Nikacheka. Hapa nani anafungua? "Ndiyo maana nauliza," kasema. "Mteja akishapewa namba mara tatu hapigi simu tena. Anakuja mwenyewe."

Jumatano, 12 Machi

Amekuja mwenyewe.

Nilikuwa nimekaa sebuleni kabla ya chakula, nafanya mazoezi ya Ijumaa. Nimeanza vizuri. Halafu vyote vikaja kwa pamoja, bila foleni: kifua, koo, mikono, jasho la baridi, na hakika — si wazo, ni hakika — kwamba ndiyo sasa hivi, ndivyo inavyokuwa. Natafuta namba sizioni. Nataka kufumbua macho, siwezi.

Filimbi! Ndani ya nyumba! Filimbi ya uwanjani, puuu, sentimita chache kutoka sikioni. Nikaruka kitini. Mume wangu amesimama mbele yangu na filimbi mdomoni. Nikamtolea maneno ambayo Barafu hajawahi kumtolea mteja yeyote. Kawaida angenirudishia mzaha. Leo kaishusha filimbi, akasema kesho twende kwa daktari. Nikakataa. Niende vipi kesho, na Ijumaa ndiyo hii? Akanikumbusha: mficha maradhi kifo humuumbua. Akaenda kuoga.

Sasa niandike. Niandike mara moja tu.

Dada yangu mkubwa aliondoka mwaka jana, hapa kwetu, kwenye kiti kile cha dirishani. Alikuja kututembelea. Alisema amechoka kidogo, anakaa afumbe macho, tusimwandalie chochote. Mimi nilikuwa zamu. Mume wangu ndiye aliyemkuta. Nilirudi nikalia siku za msiba, nikarudi kazini, watu wakanisifu jinsi nilivyo imara. Basi. Na mimi sasa nimefika umri wake, na wananilipa nikae, nifumbe macho.

Naogopa. Sijawahi kuliandika neno hili. Naogopa sana.

Ijumaa, 14 Machi

Wakubwa wamekuja. Wamekaa kwenye mito, suti na yote, magoti yanalia kama milango. Meneja kafumba macho kabla hajaambiwa. Maji yakatiririka kwenye spika. Nikapewa maikrofoni.

Nikasema vuteni pumzi. Wakavuta. Toeni. Wakatoa. Fumbeni macho, na mimi nikafumba, maana nimezoea kutii, hata amri yangu mwenyewe. Moyo ukalipuka paa. Maikrofoni iko kidevuni. Nikasikia sauti inasema, kwenye spika zote za ukumbi:

"Mimi nikifumba macho naona nakufa."

Ilikuwa yangu.

Maji tu, chururu chururu. Halafu nyuma huko jirani yangu wa meza akasema yeye akifumba macho anasikia simu zinalia hata usingizini, na kifua kinambana. Binti wa mapokezi akasema mikono yake hufa ganzi kila Jumapili jioni, akikumbuka kesho ni kazi. Mhasibu mkuu, mtu mzima, akasema tumbo. Hakufafanua. Wakubwa wawili walikuwa bado wamefumba kwa bidii, wanadhani ndiyo zoezi lenyewe. Bwana Pumzi amesimama pembeni ameshika kengele, hajui aipige au aile.

Meneja akainuka, akanipokonya maikrofoni taratibu. Akasema anashukuru kwa michango hiyo, imepokelewa.

Nafasi ya msimamizi imeshaondoka, hilo halihitaji barua. Ajabu yake, nimekula mchana kwa hamu.

Jumamosi, 15 Machi

Nilimweleza mume wangu yote ya jana nikitarajia acheke. Hakucheka. Akachomoa waya wa redio — mwanaume huyu, redio! — akakaa kwenye kiti cha jikoni.

"Nilidhani amelala," kasema. "Dada. Nilipunguza sauti ya redio ili nisimwamshe. Nikatembea kwa vidole nyumba nzima, mchana mzima."

Nikakaa.

"Halafu na wewe ukaanza kufumba macho."

Kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa maana ya zile sufuria. Mifuniko, redio, filimbi, kuimba bafuni kwa sauti ya punda. Mwaka mzima mwanaume huyu ananichungulia kama napumua, na mimi namwona hana adabu. Tumelia jikoni, watu wazima wawili, mpaka wali ukaungua. Tukaula hivyo hivyo.

Nimekubali kwenda kwa daktari. Jumanne. Yeye kaomba ruhusa shuleni anisindikize.

Jumanne, 18 Machi

Benchi la zahanati. Naandika kwa sababu mikono inataka kazi.

Moyo wangu ni mzima! Daktari ni mama wa makamo asiye na haraka. Alinifunga nyaya kifuani, akanisikiliza mgongoni, akaniuliza habari za nyumbani, nikamweleza ya dada bila kuyapamba. Kasema nilichonacho ni hofu, na msiba ambao sikuupa nafasi. Mtu mwenye jambo zito moyoni akianza kukaa kimya, mwili unaweza kumtikisa hivyo. Nikitaka kuendelea nianze kidogo kidogo, macho wazi, nyayo zikiisikia sakafu. Nikizidiwa, niache. Kuacha si dhambi. Bwana Pumzi hakuwahi kunifundisha hilo.

Nilicheka kama punguani. Mume wangu akafurahi mpaka mbwembwe zikamrudia. Akakunja mkono wa shati, akamwambia daktari ampime na yeye, aone presha ya mwanamichezo inavyokuwa.

Daktari akapima. Akaangalia. Akasema tujaribu mkono wa pili.

Akapima mkono wa pili. Akamwita nesi alete mashine nyingine. Mume wangu bado anatania, anauliza kama amevunja rekodi. Hakuna aliyecheka. Daktari akamuuliza kichwa kinamuuma tangu lini, na yeye — ambaye kwake hakuna ugonjwa duniani — akajibu: tangu mwaka jana.

Nikaombwa nisubiri nje.

Mlango ni mwembamba lakini sisikii maneno. Nasikia kitanda kinalia. Kimya. Kinalia tena.

Nesi katoka. Kasema mzee wangu amepewa dawa, anatakiwa alale, afumbe macho, atulie presha ishuke. Kila wakimlaza anainuka, na kila akiinuka inapanda. "Anasema hafumbi macho mpaka uwepo. Anasema wewe ndiye unayefundisha watu kutulia."

Mimi!

Moyo unadunda, vidole vimeanza kufa ganzi, koo limebana. Sakafu ipo, nimeigusa kwa nyayo. Nimeingia.

Wamenipa stuli kando ya kitanda. Naandika gotini kwa mkono mmoja, ule mwingine ameushika na hauachii. Nimemwambia yeye afumbe, mimi nitabaki nimefumbua, sitasogea, sitapepesa. Kaniuliza hata redio ikilia? Hata redio ikilia. Kanitazama muda mrefu, ananipima yeye sasa. Nesi yuko mlangoni, anaangalia mashine.

Amefumba jicho moja.