Mzee wa Amerika Aliyerudi Shambani Kwake

Mpwa wangu Mwenda,

Hapa Mikinduri, Bwana Disii mwenyewe, mkuu wa wilaya, hapati usingizi mpaka aambiwe mimi nimeamkaje. Muulize mama yako. Lakini tangu askari wa serikali walipokuchukua na lori, asiyepata usingizi ni mimi. Nakaa, nasimama, nachungulia barabara. Nakuandikia tu, ingawa hakuna anayeniambia uko kambi gani ya kizuizini.

Unakumbuka tukichimba ule mtaro wa kuzunguka kijiji, homgadi, wale walinzi wa serikali, wametusimamia na bunduki? Nilikuwa nikikupa habari za rais wa kwanza wa Amerika, yule ambaye jina lake lilinishinda tangu misheni, tukamwita Mzee wa Amerika. Nilikwambia alianza akiwa kijana wa kupima mashamba ya watu kwa mnyororo. Akapigana upande wa Waingereza, halafu akawageuka, akapambana nao miaka mingi, askari wake wengine hata viatu hawana. Akavuka mto wa barafu, farasi wake akiogelea mbele. Ukaniuliza mbona jana farasi alikuwa mmoja na leo ni wawili. Nikakwambia amezaa usiku. Ulicheka mpaka homgadi akaja kuuliza huyo mzee tunayemtaja ni nani. Nikamjibu ni mkulima mmoja wa Kinoru, meno yamemwisha mdomoni.

Siku ya mwisho hukucheka. Uliweka jembe chini, ukasema, "Mjomba, na vita vilipoisha, walimwacha arudi kwake?"

Nikakwambia kuna waliotaka awe mfalme, akakataa. Akakubali urais, akatawala, na walipotaka aendelee akasema imetosha, akarudi shambani kwake. Hiyo ni kweli, Mwenda. Hapo sikuongeza chumvi.

Kesho yake lori likaja. Mimi, ndugu ya mama yako, ndiye wa kukutemea pombe ya asali kifuani ili uende salama na urudi salama, na nilikuwa nimesimamishwa kwenye mstari, mikono kichwani. Ukaenda mkavu.

Sasa wameanza kurudisha watu. Kila lori likisimama sokoni mama yako anatuma niitwe, nami nasema siendi, mwanamume hakimbilii lori. Lakini pombe ipo nyuma ya mlango. Ikichacha naweka nyingine.

Jana nilikimbia nayo. Kijana alishuka akinipa mgongo: mabega yako, koti lako. Nilikuwa nimeshajaza mdomo. Alipogeuka nikamtemea kifua kizima, nikaanza kutaja babu zetu mmoja mmoja. Alingoja nimalize, akajipangusa, akasema polepole, "Asante, mzee. Lakini wajomba zangu wako Embu."

Soko lote lilicheka. Nikawaambia nilijua tangu mwanzo kwamba si wewe, nilitaka tu kumbariki mtoto wa watu.

Kula chochote wanachokupa huko, Mwenda, usibishane na mtu, uje.

Sikujua kwamba si wewe. Hata yule kijana aliposema wajomba zake wako Embu, niliendelea kumshika mkono.

Mimi,
Mjomba wako